Mama Mkwe na Kima wa Diani

Kwetu Bungoma mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Hampeani mkono, hamli meza moja, na mkikutana njiani mmoja huingia shambani mpaka mwenzake apite. Waliotunga desturi hii walikuwa na mashamba. Hawakufikiria fleti ya vyumba viwili huko Diani, jiko limeungana na sebule, na ukifungua mlango unatumbukia karibu bwawani.

Tunaishi humo kwa sababu ya kazi ya mke wangu hotelini. Majirani wengi ni Wazungu waliostaafu, Wajerumani na Waswisi hasa. Wana kamati, na kamati ina kanuni zilizobandikwa kila penye ngazi. Ya wino mwekundu ni moja: marufuku kuwalisha kima.

Basi, Februari mama mkwe akashuka kutoka Kitale na gunia la mahindi. Nikanong'ona kwamba hata Ukunda unga unauzwa. Jibu lililetwa na mtoto, maana mimi na bibi yake hatusemezani ana kwa ana: “Baba, nyanya anasema unga wa dukani ni wa watu wasio na wazazi.”

Suala la malazi lilimalizwa na mzee wa Kijerumani wa ghorofa ya chini. Alisikia kwamba mgeni hawezi kulala kwangu, akadhani tumegombana, akatoa chumba chake cha wageni. Mzee huyu hushinda na chupi ya kuogelea, asubuhi hadi jioni. Mimi, niliyejifunga shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa katika joto lile, ndiye niliyekuwa wa kukwepwa, yeye aliamkiwa “Mulembe!” kila kukicha na kuletewa chai ya maziwa.

Sasa mahindi. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ukianika kitu kule Januari kinakauka. Pwani hewa yenyewe ni maji. Mahindi ya kuweka ghalani hayatakiwi kuzidi unyevu wa asilimia 13.5, na wenye maghala wana mashine za kupimia. Mama mkwe ana meno. Aliuma punje moja, akaitema, akatangaza kwamba gunia limeanza kulowa. Kabla ya saa tatu turubai lilikuwa limetandazwa juu ya paa la fleti.

Diani kuna mbega, wanyama wa heshima zao, wanakula majani na kuvuka barabara juu kwa juu kwenye ngazi za kamba za shirika la Colobus Conservation. Kima nao hupita ngazi hizohizo, ila majani kwao ni chakula cha shida. Walikuja ukoo mzima, wakajaza mashavu hadi yakafura. Kufikia adhuhuri nilikuwa na barua ya kamati: familia yangu imewaandalia kima karamu.

Waliyemchokoza ni mtu aliyekua akifukuza nyani mashambani, miteremko ya Mlima Elgon. Alichukua kiti cha plastiki na mwavuli wa bwawani, akaketi juu ya paa na sufuria na mwiko. Kelele iliyotoka huko iliamsha kila Mswisi aliyejilaza. Lakini kima walihama, na si paani tu. Mkate ulianza kubaki mezani. Maembe yakakaa roshanini mpaka yakaiva. Kamati ikaacha kuandika barua.

Mimi muda wote huo nilikuwa naingia kwangu kwa mlango wa kutolea taka, mlinzi ananifungulia huku akicheka waziwazi.

Machi alirudi Kitale kupanda, na kima wakarudi Diani. Mjerumani akatumwa na kamati kuniuliza yule mama anakuja lini tena. Nikampa mtoto simu aulize.

“Nyanya anasema atakuja,” akaniambia. “Lakini wewe uhame kwanza.”