Jinsi ya Kumwaga Pesa Kutoka Angani

Mheshimiwa Gavana wa Benki Kuu, mrudishe rubani nyumbani. Helikopta ya mwanauchumi Milton Friedman, iliyodondosha dola 1,000 mwaka 1969, ilikuwa mfano wa darasani. Kazi yako inaanzia chini.

Zunguka viwandani na sokoni kwanza. Mashine zimesimama kwa kukosa wateja? Mafundi wanashinda vijiweni? Riba umeishusha hadi karibu na sifuri na bado watu hawakopi? Basi endelea. Lakini kama shida ni ukame, rudi ofisini. Noti hazioteshi mahindi. Zitapandisha bei ya unga, na atakayeumia ni yule yule uliyetaka kumsaidia.

Sasa chapa noti, na usikopeshe: gawa. Ukinunua hati fungani, anayenufaika kwanza ni aliyekuwa nazo. Ukigawa, hata mama wa genge anapata, na hadaiwi na mtu.

Njia ya kufikisha ipo, ni simu. Huko Siaya, Kenya, zaidi ya kaya 10,000 zilizoishi kwenye nyumba za nyasi zilipokea kwa M-Pesa takriban dola 1,000 kila moja. Zilikuwa fedha za wafadhili, hazikuchapwa na benki kuu, lakini tazama zinavyotembea: huyu ananunua mabati, muuza mabati anamlipa fundi, fundi anapeleka suruali kwa mshonaji ambaye hakutumiwa hata senti. Watafiti walikuta kila dola imezalisha kama dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile, na bei zimepanda kwa asilimia 0.1 hivi. Duka lililokuwa likisubiri wateja halina haja ya kupandisha bei wanapofika. Mimi hapo ndipo ninapoiamini sera hii.

Hatua ngumu ni kuacha. Hata Friedman aliwachukulia watu wa mfano wake kuwa na hakika kwamba helikopta hairudi. Zaire ya Mobutu ilichapa bila kikomo. Januari 1993 askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni 5, wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, askari wakaingia mitaani kupora. Watu walikufa.

Kwa hiyo tangaza kiasi na tarehe ya mwisho gazetini kabla hujatuma shilingi ya kwanza. Waziri akija na mahitaji yake ya mwaka wa uchaguzi, mwonyeshe gazeti.