Dakika 33

Simu yangu imelala kifudifudi mezani tangu jana usiku, maana siwezi kuitazama usoni. Niliuliza swali kwenye kundi la mafundi wa programu. Lilikuwa refu kuliko barua ya posa: aya sita, picha nne za skrini, na methali ya kufungulia. Nilieleza jinsi lugha ya Python, inayotumika dunia nzima, ilivyoharibikia mikononi mwangu hapa Rujewa, nikataja na washukiwa watatu: umeme wa kukatikakatika, joto la Usangu, na hujuma.

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili, kutoka kwa kijana ambaye picha yake ni kuku aliyevaa miwani.

"Mzee, umesoma maelezo ya pytz? Hapo mwanzoni tu."

Chini yake vikaragosi vya kucheka mpaka machozi, 41. Nilivihesabu. Nilipofika 20 nikajishuku, nikaanza upya. Lakini lililochoma kuliko vyote ni lile neno "mzee".

Kisa chenyewe ni foleni ya mashine ya kukoboa mpunga. Wakati wa mavuno, foleni hapa si ya watu, ni ya magunia. Mwenyewe anaweza kwenda kunywa chai, gunia likabaki kumlindia nafasi, na ugomvi ukazaliwa hapohapo. Nikajitolea kuumaliza kwa programu. Mteja akifika, kompyuta inaandika saa. Umeme ukikatika, karani anaandika kwenye daftari kwa saa zetu, "saa 2 asubuhi", na umeme ukirudi mimi naingiza kwa mkono. Programu inaongeza saa sita, saa 2 inakuwa saa nane za wazungu, na kila mtu anakaa kwenye nafasi yake. Ile hesabu ya saa sita niliionea fahari kama mtu aliyejenga daraja.

Wiki iliyopita mama mmoja alifika saa 2 kamili na magunia 12. Umeme haukuwepo, akaandikwa daftarini. Saa 2 na dakika 20 umeme ukarudi, akaingia bwana mmoja na magunia 40, kompyuta ikamwandika yenyewe. Orodha ilipotoka, bwana yuko juu na mama yuko chini, eti kafika saa 2 na dakika 33. Ikabidi asubiri magunia 40 yakobolewe, na pumba za mwenzake zimpambe kichwani kama mvi.

Akanifuata mezani.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

Mkononi alikuwa na vikaratasi vitatu vya foleni vilivyofungwa kwa mpira. Akaanza kunieleza jambo kuhusu daftari na mashine. Nikamkatiza. Nikamwambia, kwa sauti ya upole ambayo leo nikiikumbuka natamani kuingia chini ya gunia, "Mama, kompyuta haikosei."

Sasa ngoja nikueleze hizi dakika 33 zinatoka wapi. Usiku kucha sikulala, na si kwa aibu peke yake. Ni jambo tamu mno.

Dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo jua hutumia dakika nne kuvuka kila digrii moja. Nairobi (kwa nini Nairobi, utaona mbele) iko kama digrii 36.8 mashariki ya Greenwich. Zidisha kwa nne: unapata saa mbili na dakika 27. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli ya jua la Nairobi na la Greenwich, kabla serikali yoyote haijatia mkono. Serikali ikautia. Mwaka 1908 wakoloni wakaamua Nairobi iwe mbele kwa saa mbili na nusu. Mwaka 1928 wakasogeza ziwe tatu. Mwaka 1930 wakarudisha mbili na nusu. Mwisho wa 1936 wakaongeza robo. Mwaka 1942, katikati ya vita, zikawa tatu tena, na hapo ndipo zilipo mpaka leo. Ukiwatazama wanavyosogeza nusu na robo, utadhani ni mpimaji mchele anayetafuta pa kukupunja.

Yote haya yameandikwa mahali. Ipo hifadhi moja ya saa za dunia, iliyoanzishwa na Mmarekani Arthur David Olson miaka ya 1980 na sasa inasimamiwa na Paul Eggert, na simu uliyonayo mfukoni inawezekana sana inaitegemea. Humo kila eneo lina jina la mji na historia ya saa zake. Dar es Salaam imo, lakini haina historia yake: imeelekezwa kwa Nairobi, kama mtoto aliyeandikishwa shule kwa jina la mjomba. Sasa, pytz, maktaba ya Python inayosoma hifadhi hiyo, ndiyo niliyoitumia, nayo ina tabia yake. Ukiibandika kienyeji kwenye saa uliyoiandika kwa mkono, haiulizi leo ni mwaka gani. Inachukua mstari wa kwanza kabisa wa historia. Nao mstari wa kwanza ni jua.

Toa saa mbili na dakika 27 kwenye saa tatu. Zinabaki 33.

Yaani kila nilipoingiza jina la yule mama, programu ilimbeba mzimamzima na magunia yake 12, ikamtua Nairobi ya kabla ya 1908, mji uliozaliwa reli ilipofika mwaka 1899 tu, kisha ikamrudisha Rujewa ya leo akiwa amechelewa. Yule bwana, aliyeandikwa na kompyuta yenyewe, hakusafirishwa popote.

Tena hata hilo jua si letu. Rujewa iko kama digrii 34.4, kwa hiyo jua letu liko mbele ya Greenwich kwa saa mbili na dakika 17 na ushee. Saa ya ukutani ikigonga sita mchana, utosi wetu bado unalisubiri jua kwa dakika kama 42. Kivuli cha mwembe kinajua hivyo kila siku, ila hakijaandikishwa popote.

Dawa ni mstari mmoja: kutumia localize ya pytz yenyewe, au, tangu Python 3.9 ya mwaka 2020, kuachana na pytz na kutumia zoneinfo iliyomo humohumo. Na maelezo ya pytz yanaonya kuhusu jambo hili mapema, kwa maneno yasiyo na mafumbo. Kuku alisema kweli.

Lakini naye anisikilize. Nilitafuta! Niliandika kwa Kiswahili: "Python saa imezidi dakika 33." Nikaletewa chatu. Chatu aliyemeza mbuzi, chatu aliyekutwa shambani, na bei za saa za mkononi. Ili ulipate jibu unapaswa kulijua jina la tatizo, na jina la tatizo langu ni herufi tatu, LMT, yaani saa ya jua la mahali penyewe, ambazo mtu huzijua akishapata jibu. Tulisoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu elimu yote iliyobaki ikahamia kwenye lugha nyingine bila kutuaga. "Tafuta kwanza kabla hujauliza" ni adabu nzuri, nami naikubali. Ila imetungwa na mtu mwenye Kiingereza, bando na umeme vyote kwa siku moja. Hapa ukipata viwili unashukuru. Anayecheka kwa vikaragosi 41 naye kuna siku alionyeshwa njia na mtu, tena pengine na mtu ambaye hakucheka. Hilo linaniuma mpaka sasa, na sitalifanyia mzaha.

Makosa yangu mengine ya mwezi huu ni madogo. Nafasi moja ya ziada mwanzo wa mstari: siku mbili. Kurekebisha faili moja huku naendesha jingine: siku nzima. Kompyuta haikuwa imechomekwa.

Leo asubuhi nikaenda kumwomba radhi yule mama. Vile vikaratasi alikuwa navyo bado, na safari hii nikamwacha amalize. Kimoja ni chake, viwili aliviomba kwa wenzake wa foleni.

"Tulioandikwa daftarini, wote mmetuongezea nusu saa na kidogo," alisema. "Walioandikwa na mashine wako sawasawa. Kwa hiyo ubaya hauko kwenye mashine, mwanangu. Uko pale unapoingiza wewe."

Alikuwa ameuliza watu, amelinganisha, amelitenga kosa mpaka kwenye kidole changu, ndipo akaja kuuliza. Mimi nilianza na hujuma.

Nikamweleza yote: jua, digrii, wakoloni, Nairobi ya zamani. Alisikiliza kwa uvumilivu, akipepeta mchele wake.

"Kwa hiyo dakika zangu 33 ziko Nairobi?"

"Kwa namna fulani, ndiyo, mama."

Akapuliza chenga kwenye ungo.

"Haya. Kazifuate."