Majibu kwa Wenye Mkate Uliolala

Barua zilizoifikia safu hii kutoka Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu ulio ufukoni mwa Ziwa Kivu na uliokaribiana na Goma kiasi kwamba jogoo wa upande mmoja huwaamsha watu wa upande wa pili, zinahusu takriban zote jambo moja, nalo ni mkate uliolala, yaani ule uliobaki tangu jana au juzi ukakakamaa. Kabla ya kumjibu yeyote, sharti yatenganishwe maradhi mawili ambayo waandishi wa barua hizo wameyachanganya: ugumu, ambao ni badiliko la umbile lisilomdhuru mlaji, na ukungu, ambao ni kiumbe kingine kilichohamia ndani ya mkate bila kulipa kodi ya pango. Mkate wenye ugonjwa wa kwanza ni kiungo cha mapishi. Wenye ugonjwa wa pili ni takataka.

Mama mmoja wa mtaa wa Mbugangari anaeleza kwamba mumewe humlaumu kila Jumatatu kwa sababu mkate ulionunuliwa Jumamosi jioni umekuwa mgumu, na kwamba, katika kuinusuru ndoa, ameanza kuuhifadhi kwenye frigo ya jirani. Ndoa hiyo haina tatizo; tatizo ni frigo. Watu wengi hudhani kwamba mkate hukakamaa kwa kukauka tu, lakini mkemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha mwaka 1852 kwamba hata mkate uliofungiwa pasipo unyevu wake kutoka huwa mgumu vilevile. Kinachotokea ni kwamba wanga wa ngano, ambao hufyonza maji na kulainika wakati wa kuokwa, huanza kujipanga upya mara mkate unapopoa, na sehemu yake iitwayo amilopektini hushikana polepole katika mpango imara kama wa fuwele. Kazi hiyo huenda kwa kasi zaidi katika ubaridi wa nyuzi chache juu ya sifuri, ambao ndio ubaridi wa frigo, na husimama karibu kabisa katika friza, ambamo maji yamekwisha kuganda. Kwa hiyo mama huyu amekuwa akiupeleka mkate wake kwa jirani ili ukazeeke upesi, na pengine akitoa shukrani kwa huduma hiyo.

Tiba ipo, kwa kuwa mpango huo wa wanga huvunjika tena mkate ukipashwa moto hadi nyuzi 60 za Selsiasi au zaidi. Gisenyi iko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 au karibu na hapo badala ya 100, lakini mvuke wake unatosha na kubaki. Mkate unyunyiziwe maji kwa ncha za vidole, utiwe katika sufuria kavu yenye mfuniko juu ya mbabula ambayo makaa yake yameanza kuvaa jivu, na ugeuzwe mara moja. Utakapoanza kunukia na kiini chake kubonyea kwa kidole, uepuliwe. Uliwe papo hapo, maana ukipoa utakakamaa upya, na mume aliyechelewa kufika mezani hatakuwa na wa kumlaumu.

Mwanamke mfanyabiashara avukaye kila siku Petite Barrière, kile kivuko cha waendao kwa miguu kati ya Gisenyi na Goma, analalamikia mfuko wa karatasi, ambao anasema humkaushia mkate kabla hajafika nyumbani, na anauliza kama si halali, kwa mtu mwenye familia, kukunja mfuko mmoja wa nailoni ndani ya kitenge. Si halali. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2008 ilipiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko hiyo, na sheria ya mwaka 2019 ikapanua katazo hilo hadi kwenye vyombo vya plastiki vinavyotumiwa mara moja na kutupwa, na safu ya mapishi haina mamlaka ya kutoa vibali mpakani. Isitoshe, karatasi huruhusu unyevu utoke, ndiyo maana mkate hukauka, ilhali nailoni huuzuia unyevu ndani, na kuvu haihitaji makaribisho mengine. Kwa maneno mengine, sheria iliyotungwa kwa ajili ya mazingira imewapa wakazi wa Rubavu, pasipo kukusudia, mkate unaougua ugonjwa wenye dawa badala ya ule usio na dawa. Mama huyu auzungushie mkate wake kitambaa safi cha pamba na kuuweka katika kopo kubwa la bati lenye mfuniko; atakuwa amepata siku moja au mbili zaidi, tena bila mashaka mbele ya askari.

Swali lililostahili kujibiwa kwa urefu limetoka kwa binti wa Mombasa aliyeolewa Gisenyi, ambaye katlesi zake humsambaratikia kwenye mafuta na ambaye mawifi zake wameanza kutoa maoni. Katlesi, yaani madonge bapa ya viazi na nyama ya kusaga yaliyokaangwa, huuhitaji mkate uliolala mara mbili. Kwanza hutiwa ndani, ambapo slesi moja iliyolowekwa kwenye maziwa na kukamuliwa barabara huizuia nyama isikakamae. Pili huvishwa nje kama chenga, yaani vipande vidogo mno vya mkate uliotwangwa. Chenga za binti huyu hugeuka uji kwa sababu ametwanga mkate mgumu ambao bado una unyevu ndani. Slesi zianikwe juani juu ya ungo au zipangwe pembeni mwa jiko linalopoa, mpaka zivunjike kwa sauti kavu. Ndipo zitwangwe kinuni na kuchekechwa, na zile nene zirudishwe kinuni.

Akishazipata chenga hizo, asizimalizie kwenye katlesi. Ziwa Kivu lina sambaza, samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 na ambao huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, na hakuna samaki anayefaa zaidi kwa chenga za mkate, kwa kuwa chenga zimekwisha kuokwa mara moja na hubadilika rangi haraka, wakati samaki mkubwa angekuwa bado mbichi ndani. Sambaza wapanguswe maji, watiwe chumvi na ndimu, wapitishwe kwenye unga, kisha yai, kisha chenga. Mafuta yapimwe kwa kutupia chenga chache: zikizama na kutulia, mpishi asubiri, zikiibuka zikichachatika, awatie samaki. Matone mawili ya Akabanga, mafuta ya pilipili yatengenezwayo Nyirangarama kwenye barabara ya Kigali kuelekea Musanze, yanatosha, na mgeni aonywe kwamba ni mawili. Mawifi hawatahamia upande wake kwa siku moja, lakini watakuwa na kitu mdomoni.

Kijana mpangaji mwenye sufuria moja na nusu mkate anashauriwa apige yai kwenye kikombe cha maziwa na sukari kidogo, alowekee humo slesi mpaka zilegee bila kukatika, na azikaange kwa moto mdogo. Akiwa na sufuria mbili atamwandikia mtu mwingine.

Mzee anayeona aibu kwamba mama mkwe wake huchovya mkate mkavu kwenye mchuzi mbele za wageni ajue kwamba mama huyo yuko upande wa historia: mkate uliomegwa na kumiminiwa supu ya nyama ndio tharidi, chakula cha Waarabu cha tangu kale, ambacho Waislamu wengi hukipika katika Ramadhani. Mkate laini huyeyuka katika supu hiyo ukawa rojo, na mkavu ndio unaostahimili. Mzee avute kiti akae karibu.

Mwisho kuna wanaouliza kama mkate wenye ukungu unaweza kukwanguliwa na kuliwa, au basi kupewa kuku. Nyuzinyuzi za kuvu hupenya ndani ya kiini chepesi kama kile cha mkate kabla doa halijaonekana juu, na baadhi ya aina za kuvu huacha sumukuvu, ambayo moto wa kawaida wa jikoni hauimalizi na ambayo kuku na bata pia huathirika nayo. Mkate huo usiliwe na mtu wala kuku. Na msomaji aliyetuma kipande cha mkate wake ndani ya bahasha ili kikaguliwe anaombwa kwa heshima zote asirudie.