Papa Kapaa

Katika Mega Shark Versus Giant Octopus, filamu ya mwaka 2009, papa anachomoka baharini, anapaa hadi mawinguni na kuing'ata ndege ya abiria. Kwenye kibanda umiza cha Mwenge, Dar es Salaam, hakuna anayeuliza pumzi kaipata wapi. Wanachouliza ni huyo abiria wa dirishani anashangaa nini, si afunge pazia! DJ aliyeingiza sauti ya Kiswahili naye kampa papa mdomo wa konda wa daladala.

Sisi waungwana tunashika Barabara ya Sam Nujoma hadi sinema ya Mlimani City, tunalipia zimwi la mamilioni ya dola, tunatoka tukisifia ngozi yake. Hatukupiga hata ukelele. Bisi tulikula, lakini.

Mwongozaji Mussa Banzi alipotuletea filamu zake za kutisha, Nsyuka na Shumileta, kwa bajeti isiyotosha chai ya Hollywood, tulibinua midomo. Ajabu, hapo hapo Mwenge wachongaji wanauza mashetani ya mpingo, jicho huku, meno kule. Mtalii anayalipia kwa dola, nasi tunaitikia: sanaa hiyo! Shetani huyo huyo akicheza filamu, eti takataka.