Adabu ya Taa ya Kijani

Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja iliyotoka Uingereza mwaka 2012, ina ukubwa wa kadi ya benki na haya za mwali. Ikishasasishiwa keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huweza kuingia ndani na isitoke tena. Busara tupu, kwani kompyuta isiyowaka haidukuliwi. Wala hainuni kama karani wa dirishani: taa yake ya kijani hukonyeza mara 7, maana yake faili la keneli halikuonekana. Ikikonyeza mara 4, limekosekana faili la kuwashia. Pengine skrini huganda kwenye rangi za upinde wa mvua, pambo la bure. Mtumiaji huchomoa kadi ya kumbukumbu, huifuta, huanza upya, keshaboreshewa.