Mtaimbo Pangoni

(Mafia. Bamvua, maji yamekupwa. Mtaimbo umekwama kwenye tundu la mwamba. Mwenyewe kaenda kufuata kapu.)

MTAIMBO: Hodi! Namtaka pweza mmoja tu.

SIFONGO: Hodi gani hiyo, ukuta ukishauvunja?

MTAIMBO: Ukuta upi, bibi? Mawe matupu haya.

SIFONGO: Tazama juu. Dari zima ni sisi sifongo, wekundu kwa wa manjano, na jua hatulijui. Matumbawe na mwani hutoa uteute unaoyeyuka majini, samaki hawezi kuutafuna. Sisi tunaufyonza, tunaurudisha ukiwa chembechembe, kaa na konokono wanakula. Jiko la mwamba liko huku ndani. Huko nje ni sebule ya kupigia picha.

PWEZA: Na visamaki, Bi Sifongo!

SIFONGO: Nakuja huko. Mwaka 2019 watafiti walikadiria kuwa karibu asilimia 60 ya nyama ya samaki inayoliwa miambani hutoka kwa visamaki vya mafichoni, visivyofika hata urefu wa kidole. Australia yupo mmoja, Eviota sigillata, umri wake wote hauzidi siku 59. Anazaliwa, anaoa, anazikwa, kamati ya mazingira bado inangoja akidi. Mjukuu wake anazikwa, kikao kimeahirishwa. Kilembwe anazikwa, posho haijatoka.

MTAIMBO: Mimi natumwa tu.

PWEZA: Nami naatamia. Tangu nitage sijala. Mayai yakianguliwa, nakufa. Ukinitoa leo, umeondoka na kizazi kizima.

MTAIMBO: Basi nitajaribu tundu la jirani.

SIFONGO: Na hilo ukilivunja, atalijenga nani? Tumbawe la duara hukua kama sentimita 1 kwa mwaka. Pande uling'oalo lina shubiri moja: miaka 20 imekwenda kwa mchuzi wa jioni moja! Wala sikulaumu wewe chuma. Nawalaumu wanaoilaani baruti, na wana haki, kisha mtaimbo wanaufumbia macho kwa kuwa haupigi kelele. Nawalaumu na wanaopita juu na miwani ya kuzamia, wanahesabu changu na chewa, wanaandika kuwa mwamba u mzima, wala hawajachungulia tundu hata moja.

PWEZA: Wazee wetu walivuliwa kwa kijiti.

SIFONGO: Na tundu likabaki, akahamia pweza mwingine. Haya, wavuvi na wanunuzi: anayeatamia mwacheni, kijiti kinatosha, na pweza aliyetolewa kwa mtaimbo msimnunue.