Inzi Kwenye Kifuniko

Ukitaka kujua kama kikundi chenu kina amani ya kweli, msihangaike kukopeshana. Wekeni picha moja mezani, kisha mwulizane kama inapendeza.

Sisi wafuga nyuki wachache wa pembezoni mwa mji wa Tabora tulikuwa tumeelewana kwa kila jambo: zamu za kukagua mizinga, nani abebe ngazi, hata nani asiguse fedha. Asali tuliiuza kwenye chupa za maji zilizokwisha kutumika, na abiria wa stendi walinunua kwa kuinusa. Kisha duka moja likasema litachukua asali yetu ikiwa kwenye makopo, mradi yawe na lebo yenye nembo. Amani ikaishia hapo.

Mimi ndiye katibu, kwa hiyo nikatumwa kwa kijana wa grafiki. Ofisi yake ni kona ya steshenari karibu na soko: kompyuta, mashine ya kopi, na kiti ambacho mteja hupewa akiahidi kutoegemea. Hakukimbilia kuchora. Aliuliza asali inauzwa wapi, kifuniko kina upana gani, mnunuzi anasimama kusoma au anapita na mizigo yake. Nikamjibu: kifuniko ni sentimita 6, mnunuzi anawahi basi. Siku chache baadaye akanipa mchoro: mzinga wa gome umening'inia kwenye tawi la mtundu, rangi moja tu, kahawia iliyoiva, na chini yake neno ASALI. Basi.

Nikaupeleka kikaoni. Mwenyekiti aliushika, akaugeuza kutazama nyuma kama kuna zaidi, akakohoa.

"Ni nzuri. Lakini haijachangamka."

Mpaka leo sijui nembo iliyochangamka hufanya nini. Mweka hazina akadai nyuki, maana mzinga bila nyuki ni gogo. Mjumbe mmoja akakumbusha kwamba wageni huenda Kwihara kuona tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, kwa hiyo tembe liwemo. Mwingine, ambaye babu yake alikuwa mpagazi (Tabora kila mtu babu yake alikuwa mpagazi), akataka pembe za ndovu, kwa heshima ya njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mwembe, kwa kuwa miembe ndiyo kivuli cha njia hiyo. Treni, kwa kuwa reli ilifika hapa 1912. Na Mtemi Mirambo, ikiwezekana ameshika bunduki. Huyu Mirambo ndiye aliyeifunga njia hiyohiyo mwaka 1871 kwa vita na Waarabu wa Tabora, mpaka Stanley akalazimika kuzungukia kusini ili afike Ujiji. Kumpanga kwenye kopo moja na pembe na tembe la Kwihara ni kuianza ile vita upya.

Rangi ndiyo ilitaka kutuvunja. Mtu alitaja nyekundu, mwenzake akasimama akasema yeye ni Yanga na hatafuga nyuki wa Simba.

Nikajaribu kusema kwamba kifuniko ni sentimita 6. Mwalimu mmoja mstaafu akanituliza kwa upole wa darasani. "Katibu, tazama Nembo ya Taifa. Mna mwenge, bendera, shoka, jembe, mkuki, pembe, mlima Kilimanjaro, bwana na bibi, karafuu na pamba. Kuna aliyelalamika?" Hakuna, Mwalimu. Ila ile hutundikwa ukutani mahakamani, na anayeitazama huwa na muda mwingi.

Kikao kilipokwisha, kazi ikahamia WhatsApp. Ujumbe wa sauti wa dakika nzima nzima, kuku wakiwika nyuma, na ndani yake agizo moja: "Aongeze kidogo." Aongeze nini, haikusemwa. Mwingine: "Iwe ya kisasa, ila ya asili." Kijana wa watu ana kodi ya kulipa. Akatii wote.

Na kwenye karatasi ya A4, kusema kweli, ilipendeza. Tulipiga makofi. Mwenyekiti, kwa furaha, akaipiga skrinishoti kwenye simu na kumrushia mchapaji moja kwa moja. Kijana alikuwa ameandaa faili ya mistari, ile ambayo ukiikuza hadi ukubwa wa bango au ukiipunguza hadi kifungo cha shati, kingo zake hubaki safi. Skrinishoti ni vidoa tu: ukivivuta vinatawanyika, ukivibana vinagandana.

Makopo yakaja. Tembe na treni vilikuwa vimeungana kuwa kitu kimoja cha kahawia. Pembe zilikuwa ndizi. Mirambo alitoweka, ikabaki bunduki. Aliyesalimika ni nyuki peke yake, katikati kabisa ya kifuniko, mweusi, mistari yake imemezwa, mbawa mbili zimekunjwa.

Stendi, mama mmoja aliyepakata mtoto akachukua kopo. Mtoto akanyoosha kidole: "Mama, inzi!" Mama akapunga mkono. Inzi hakuruka. Mama akashika pindo la kanga akamfuta, mara ya kwanza taratibu, mara ya pili kwa nguvu. Kisha akanirudishia kopo kwa adabu zote: "Asante baba, nitanunua siku nyingine."

Macho yangu yakabaki kwenye lile pindo: K.H.E., Mali ya Abdulla. Alama ya wafanyabiashara wa Mombasa, herufi na maneno machache tu, na akina mama wanaitafuta sokoni kabla hawajaamini kanga. Sijasikia aliyedai achorewe Abdulla mwenyewe na masharubu yake. Hata misafara tuliyotaka kuienzi, kirangozi wake alitangulia na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, nyekundu tupu, ingawa mali yenyewe ilikuwa pembe, nguo na shanga. Kamati yetu ingekuwapo Unguja wakati huo, bendera ile ingerudishwa kwa fundi.

Shanga hizo nazo zilikuwa na ukorofi wake. Rangi iliyogombewa nchi moja ilikataliwa nchi ya pili, na msafara uliobeba rangi isiyotakiwa uliweza kulala njaa na mizigo yake mgongoni. Kwa hiyo habari iliyorudi pwani ilikuwa nani kakataa rangi gani, na wapi. Mwenye habari kama hiyo angejua anunue shanga gani dukani.

Kikao kilichofuata kijana alikuja mwenyewe, amenuna. Tukaanza tena: nyuki apunguzwe, treni isogezwe. Ndipo bibi mmoja mwanachama, ambaye siku zote hukaa mlangoni akichambua mchicha, akaomba kopo. Akalinyoosha kwa urefu wa mkono, akakunja jicho moja.

"Mwanangu, hapa mimi naona inzi na moshi. Sijui humu mna asali au mafuta ya taa."

Kijana akatoa kalamu, kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Shikamoo bibi. Na ukilisogeza hapa?"

"Marahaba. Hapo naona bunduki."

Akaandika. Kisha akamgeukia aliyetaka treni, akamwuliza kwa nini. Jamaa akafikiri. Alitaka abiria ajue asali imetoka Tabora, asije akaichanganya na ya kwingine. "Mzee wangu," kijana akasema, "ungenieleza hivyo, ningeandika TABORA."

Akaandika TABORA, kwa herufi nene, juu ya mzinga wa gome kwenye tawi la mtundu. Rangi moja, kahawia, na kwa faida ya mweka hazina akaeleza kwamba tukija kuichapa kwenye fulana, kila rangi hudai fremu yake na gharama yake. Mwenyekiti akaushika ule mchoro, akaugeuza nyuma, akaurudisha mbele.

"Mnaona? Sasa imechangamka."

Tumeambiwa tuisajili BRELA, ambako alama ya biashara hulindwa miaka 7 kabla ya kuhuishwa, na tayari kuna ubishi juu ya jina la nani litangulie kwenye fomu. Kijana wa grafiki yeye kapata kwaya inayotaka njiwa, Biblia, kinanda, kipaza sauti na sura ya mlezi wao, vyote kwenye beji. Amekubali kazi kwa sharti moja, kwamba kila mchoro upite kwanza kwa bibi. Bibi naye ana sharti lake: kilo ya sukari kwa kila mchoro, na ukiwa na bunduki, mbili.